Habari za nyumbani zenye tarehe na saa: mlisho wa RSS kwa sisi tulio mbali

Ilikuwa Ijumaa baada ya chakula cha mchana, tumekaa sebuleni kwa mama mkubwa hapa Seeb na kahawa na halua. Simu ya mmoja ikalia, ikafuata ya pili, mara zote. Kwenye kundi la familia imeingia picha: meli imepinduka tumbo juu, watu wamesimama juu yake, wengine ndani ya maji. Chini yake mstari mmoja tu, kwamba boti ya Dar kwenda Unguja imezama na tuombeane. Hapana tarehe, hapana jina la chombo, wala hapana aliyesema kaipata wapi.

Na siku ile mtoto wa mama mkubwa alikuwa avuke kutoka Dar. Asubuhi alishatuma ujumbe kuwa yuko bandarini. Tukampigia, simu haipatikani. Tukampigia tena, vile vile. Mama mkubwa ana presha, alikaa kwenye mkeka wa kusalia hakunyanyuka, na hakuna aliyethubutu kumwambia neno. Kwenye kundi watu wanazidi kuandika, "Inna lillahi", "Mungu awape subira", na kila anayeandika ndio anaifanya habari izidi kuwa kweli.

Saa mbili kasoro zilipita. Simu ikaja kwa namba ngeni, kumbe kijana kaazima simu ya dereva wa teksi pale Malindi, yake imeisha chaji. Kashuka salama, anauliza nani atampokea. Ile picha ilikuwa ya MV Skagit, iliyozama karibu na Chumbe tarehe 18 Julai 2012. Msiba wa kweli, watu walikufa kweli, lakini wa miaka ile. Mtu kaitoa kwenye hazina ya simu yake akaipeleka mbele, na aliyeileta kwetu ni mtu mzima, mkweli, naye kaletewa na mwengine.

Nasema haya si kwa kumlaumu mtu. Nasema kwa sababu usiku ule nilijiuliza swali ambalo nadhani kila nyumba ya kwetu huku Maskati, Dubai, Doha au London ishajiuliza: hivi hakuna njia ya kujua habari za kwetu mpaka mtu atuletee kwenye simu akiwa hajui naye aliyemletea ni nani?

Njia ipo, na ni ya zamani. Inaitwa RSS. Wengine kwa Kiswahili husema mlisho wa habari, na mie nitasema hivyo hivyo, mlisho.

Ukitaka kuielewa, fikiria mtoto wa kutuma. Zamani mzee alikuwa akikaa barazani kwake, anamtuma kijana: nenda Darajani, pitia Malindi, pitia na Mkunazini, sikiliza kuna jipya gani, urudi. Kijana anarudi na maneno machache ya kila mahali. Mzee akitaka kujua zaidi juu ya jambo moja, anavaa kanzu anakwenda mwenyewe. Mlisho ndio kazi hiyo. Kila tovuti ya habari yenye mlisho huweka faili dogo la maandishi, na kila habari mpya ikitoka, faili lile huongezwa kichwa cha habari, maelezo mafupi, kiungo cha kufungulia, na tarehe na saa ya kutolewa. Wewe unakuwa na programu moja kwenye simu, tuiite kisomaji, nayo ndiyo mtoto wako wa kutuma. Kila baada ya muda inazunguka kwenye tovuti ulizoziorodhesha, inaangalia nini kipya, inakuletea vyote mahali pamoja, kipya juu, cha zamani chini.

Tarehe na saa. Hebu rudi kwenye picha ya meli uone kilichokosekana pale.

Jambo la pili, na hili wengi hawalijui, ni kwamba ukifungua Facebook hauoni mambo kwa mpango yalivyotokea. Kampuni yenyewe ndiyo inayopanga, kwa hesabu zake, nini kikupande juu na nini kizame. Shemeji yangu mmoja anaishi Dubai, anafuata kurasa za Unguja kwa bidii, lakini tangazo la kifo cha jirani yake wa zamani lilimjia siku ya nne. Limeandikwa Jumanne, kaliona Ijumaa, hitma ishasomwa. Kwenye mlisho hakuna wa kukupangia. Habari iliyotoka saa tano inakaa chini ya iliyotoka saa sita, basi.

Wazee wetu wataona hili si geni sana. Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilianza 1957, ya Sauti ya Ujerumani mwaka 1963. Familia nyingi zilizokuja Oman baada ya 1970 zilikuja na redio zao, na nakumbuka kwetu jioni ikifika saa ya matangazo sie watoto tunafukuzwa nje ili babu asikilize, na mawimbi yanakuja yanapotea. Redio ilikuwa na saa yake. Ulijua nani anayesema, ukajua anasema kutoka wapi. Ikisha, imekwisha, unazima unakula. Ni haya makundi ya simu yaliyotufanya habari zisiwe na mwanzo wala mwisho, na msemaji asijulikane.

Historia yake kwa ufupi. Mlisho wa kwanza wa RSS ulitoka Machi 1999 kwenye kampuni ya Netscape, ile iliyokuwa na kivinjari maarufu enzi hizo. Baadaye Mmarekani Dave Winer akausukuma mbele, na toleo la RSS 2.0, ambalo ndilo linalotumika sana mpaka leo, likatoka 2002. Kuna ndugu yake anaitwa Atom, wa 2005, kazi yao moja na visomaji vinawasoma wote wawili. Na katika waliotengeneza toleo la 1.0 mwaka 2000 alikuwemo kijana wa Kimarekani, Aaron Swartz, mwenye umri wa miaka 14. Nimemwambia mwanangu hilo, naye ana 14 na kutwa yuko kwenye mchezo wa mpira wa simuni. Hakunijibu kitu.

Kisha ukaja wakati wa raha. Google walitoa kisomaji chao, Google Reader, Oktoba 2005, bure, na watu wengi wakakizoea. Tarehe 1 Julai 2013 wakakifunga. Firefox nao wakaondoa sehemu yao ya milisho mwishoni mwa 2018. Ndio maana vijana wengi leo hawajapata kuisikia RSS, na waliokuwa wakiitumia wanadhani imekufa. Haikufa. Karibu podikasti zote mnazosikiliza garini zinakwenda kwa RSS, ndiyo inayoiambia simu kwamba kuna kipindi kipya. Milisho yenyewe ipo kwenye tovuti nyingi, imefichika tu. Zamani palikuwa na kialama cha rangi ya machungwa, nukta moja na mistari miwili iliyopinda kama mawimbi ya redio. Siku hizi wengi wamekiondoa kwenye ukurasa, lakini mlango wenyewe uko wazi.

Sasa namna ya kufanya. Mie nilijaribu visomaji vitatu. Feedly na Inoreader vinafanya kazi kwenye simu zote na kwenye kompyuta, vina sehemu ya bure inayotosha nyumba ya kawaida, ila lazima ufungue akaunti. Kwa mwenye iPhone, iPad au Mac kuna NetNewsWire, ni bure kabisa, haina matangazo, na haikuulizi jina wala barua pepe. Hii ndiyo niliyoiweka kwenye iPad ya mama mkubwa. Maandishi nimeyakuza mpaka kichwa kimoja cha habari kinachukua mistari mitatu, anasoma bila ya miwani.

Ukishaweka programu, bonyeza alama ya kuongeza, kisha bandika anwani ya tovuti unayoitaka. Mara nyingi kisomaji chenyewe kitautafuta mlisho na kuuona. Kikishindwa, usikate tamaa, jaribu kuongeza /feed mwisho wa anwani, maana tovuti nyingi ndogo za habari zimejengwa kwa WordPress na mlisho wake huwa hapo. Zilizojengwa kwa Blogger, na za kwetu Unguja na Tanga zilikuwa nyingi za namna hiyo, ongeza /feeds/posts/default. BBC Swahili mlisho wake ni feeds.bbci.co.uk/swahili/rss.xml, unaubandika kama ulivyo. Chaneli za YouTube nazo zina milisho. Ami yangu yeye hataki habari za siasa hata kidogo, kaweka chaneli zake za taarab na za mawaidha, kila video mpya ikitoka anaiona, bila ya YouTube kumsukumia video nyengine kumi ambazo hakuzitaka. Ila akishabonyeza tu ameingia kwenye YouTube yenyewe, na huko wale kumi wanamngoja mlangoni. Hilo sina dawa yake.

Kosa nililolifanya mie, na nakuombeni msilifanye, ni tamaa. Siku ya kwanza niliingiza tovuti zaidi ya arubaini. Za Dar, za Nairobi, za Mombasa, za hapa Oman kwa Kiarabu na kwa Kiingereza, za mpira, za mapishi, zote. Siku ya pili asubuhi nafungua, nakuta habari mia sita na kitu hazijasomwa. Habari moja ya waziri mmoja kusema jambo moja, imo mara kumi na moja. Nilitaka kuifuta programu nzima. Mke wangu akacheka akasema, "Ulikimbia kelele za kundi, umekwenda kununua kelele nyengine kwa bei ya jumla."

Basi nikapunguza. Sasa nina tisa. Nimezipanga kwenye mafungu matatu: la nyumbani, la hapa, na moja nimeliita "baadaye", ambalo nalifungua Ijumaa tu. Kwenye fungu la nyumbani zimo nne, na kipimo changu kilikuwa kimoja: je, tovuti hii ikikosea huwa inarekebisha? Ile isiyorekebisha nimeitoa, hata kama ina habari za haraka kuliko zote. Na nimejifunza kile kitufe cha kusema "zote zimesomwa". Ukirudi safarini ukakuta rundo, bonyeza, endelea na maisha yako. Jambo likiwa kubwa kweli litarudi.

Hapa lazima niseme kitu ambacho wanaosifia RSS hawakisemi. Mlisho hautofautishi ukweli na uongo. Mtoto wa kutuma analeta alichosikia, akisikia porojo ataleta porojo. Tofauti ni kwamba unajua kalisikia baraza gani, na saa ngapi, na baraza lile ni wewe uliyelichagua. Kwa familia kama zetu, nadhani hilo ni jambo kubwa kuliko uharaka. Uharaka tunao mwingi mno.

Na mapungufu mengine yapo. Kurasa nyingi za habari za nyumbani siku hizi haziko kwenye tovuti kabisa, ziko Instagram na kwenye chaneli za WhatsApp, na huko mlisho hauingii kwa urahisi. Visomaji vya bure havizunguki kila dakika, habari inaweza kuchelewa kidogo. Magazeti mengine yanatoa kichwa na mistari miwili tu ili uje kwenye ukurasa wao uone matangazo, na sioni kosa lao, nao wanataka kula. Pengine mlisho unakufa kimya kimya: tovuti imebadilisha anwani, wewe unadhani kwao hakuna jipya, kumbe huwaoni tu. Chombo kikikaa wiki mbili bila habari, nenda kakitembelee mwenyewe.

Tanzia nazo. Kwa mambo ya vifo na mazishi, WhatsApp bado ndiyo mbele, na itabaki hivyo. Hakuna tovuti itakayokuambia bibi fulani wa Wete amefariki alfajiri na anazikwa baada ya Adhuhuri. Hilo litakuja kwa mtu, na ni haki lije kwa mtu. Mie sijatoka kwenye kundi la familia wala sitaki kutoka. Kilichobadilika ni kwamba habari za meli, za uchaguzi, za maradhi na za mvua sizichukui tena kutoka huko.

Na ni pande zote mbili. Kimbunga Shaheen kilipopiga pwani ya Batina, Oktoba 2021, wale wa Unguja ndio waliokuwa hawalali. Zilikuwa zinapita video za mafuriko za miaka mingine, za nchi nyengine, pengine hata za Gonu ya 2007, zote zimeandikwa "Oman sasa hivi". Shangazi yangu alipiga simu kutoka Chake analia, sisi tuko Maskati na kwetu pamepita salama, walioumia ni wa Suwaiq na Khaburah. Nilimwekea na yeye kisomaji aliposhuka mwaka uliofuata. Anafuata gazeti moja la Kiingereza la hapa, na mjukuu wake humfasiria. Ila kwenye kimbunga chenyewe, mtu aliye hapa asingoje mlisho wala gazeti. Taarifa za hali ya hewa za Mamlaka ya Usafiri wa Anga na maelekezo ya polisi yanachukuliwa moja kwa moja kwao.

Kitu kimoja sikukitarajia. Mama yangu naye macho hayampi, na iPad haitaki. Basi ikawa jioni, habari za Dar za saa mbili zinapoanza, maana hapa ni saa tatu na watoto wamemaliza kazi za skuli, mwanangu ndiye anayefungua fungu la nyumbani na kumsomea bibi yake vichwa vya habari. Kijana huyu Kiarabu chake kizuri, Kiingereza cha skuli, Kiswahili anakifahamu lakini ukimsemesha anakujibu kwa Kiarabu. Mwanzo alikuwa anasoma kama anayepanda ngazi na mzigo kichwani. Bibi yake anamsahihisha, na pengine anamsahihisha na mwandishi. Siku moja kasoma habari ya "kinyang'anyiro cha urais". Bibi akamsimamisha.

"Kinyang'anyiro? Wananyang'anyana? Hebu rudia, mwanangu, huo ni uchaguzi au wizi?"

Kijana akaniangalia mie. Nikamwambia amjibu bibi yake mwenyewe, na akajaribu, kwa Kiswahili, dakika nzima, anatafuta maneno. Sijui kama alimridhisha, lakini kesho yake alikuja na iPad kabla hajaitwa.

La mwisho ni la kiufundi na ni muhimu kuliko linavyoonekana. Kisomaji chochote kizuri kinakuruhusu kuitoa orodha yako yote kama faili moja, linaitwa OPML. Litoe, ujitumie kwa barua pepe, liweke. Google Reader ilipofungwa, waliokuwa na faili hilo walihamia kwengine jioni ile ile na tovuti zao zote. Na faili hilo hilo unaweza kumpa mtu. Mimi nimemtumia dada yangu aliye London, kaziacha nne za nyumbani kama zilivyo, kaondoa za Maskati, kaweka za kwake. Mama mkubwa naye kaniuliza kama inawezekana kuwekewa bei ya samaki wa Malindi kila asubuhi. Nimemwambia hilo bado ampigie mwanawe.